Sanduku Lililobaki Njiani

Jumamosi, 28 Machi 1987

Daftari hili nililinunua Bombay, katika duka lililo mbele ya hospitali, niandike dawa za Aden na saa za kumpa. Kurasa nane za mwanzo ni dawa tupu. Nimezibana kwa pini nisizifungue. Naanzia hapa.

Aden, mume wangu, alifariki Jumapili iliyopita, siku ya tatu baada ya kupasuliwa moyo. Alizikwa huko huko kabla ya magharibi. Nilikaa siku nne nikingoja nafasi, halafu nikasafiri ndege mbili, na katikati nikashinda kwenye kiti cha plastiki katika uwanja wa ndege wa nchi ambayo sikuiona. Nairobi sanduku langu la bluu lilikuwa kati ya yale ya kwanza kutoka. Lake, la ngozi ya kahawia, lililofungwa kamba ya katani kwa sababu kitasa kimoja kimeharibika, halikutoka. Nilisimama pale mpaka mkanda wa mizigo ukazimwa na mtu akaanza kupiga deki karibu na miguu yangu.

"Nenda nyumbani tu, mama," karani wa kampuni ya ndege akaniambia. "Litakuja na ndege ya Jumanne."

Abdullahi, mdogo wake Aden, alikuwa akinisubiri nje na lori. Eldoret tumefika jana mchana. Mama Fatuma, mama mkwe wangu, alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama juu ya lori.

"Sanduku lake liko wapi?"

Nikamwambia limebaki njiani. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka, akaingia ndani.

Ndani ya sanduku kuna nguo zake, miwani, msahafu mdogo na kinasa sauti chenye kaseti moja. Siku moja kabla ya kupasuliwa alimrekodia mama yake maneno, upande mmoja mzima. Kinasa sauti nilikuwa nimekishika mkononi mpaka uwanjani Bombay. Karani wa kule akasema begi la mkononi ni moja tu, chagua. Nikachagua begi la karatasi za hospitali. Mimi mwenyewe nilifungua sanduku nikakitia ndani, kati ya shati mbili. Mimi mwenyewe.

Jumatatu, 30 Machi

Nimo ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi, mpaka mwisho wa Julai, sitoki nje ya geti bila dharura. Kwa hiyo mambo ya sanduku yatafanywa na miguu ya wengine.

Leo Abdullahi alikwenda posta kwa Mzee Eliakim, jirani yetu anayefanya kazi huko. Eliakim ni mtu wa upande wa ziwa, mpole, lakini anapenda kujua habari za kila nyumba, na zamani nilikuwa namkwepa. Walingoja saa mbili opereta awaunganishe na Nairobi. Jibu: linatafutwa, tupeni wiki moja.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Bado.

Alhamisi, 9 Aprili

Wiki moja imepita na siku zake za ziada. Leo wanawake wa msikitini walikuja na buni na sukari kutupa pole. Mama Fatuma aliwapokea vizuri, akawakalisha, halafu akauliza, "Pole ya nini?"

Mmoja wao akataja jina la Aden.

"Aden yuko safarini," akasema. "Sanduku lake halijafika na yeye hajafika. Mtu anasafiri na mzigo wake. Niombeeni mgonjwa wangu apone."

Wakanitazama. Nikatazama mkeka. Walipoondoka nilimletea cheti cha kifo, chenye muhuri wa zambarau. Alikishika kwa ncha za vidole, akanirudishia.

"Karatasi," akasema. "Hata mimi niko na karatasi inasema nilizaliwa tarehe moja Januari."

Anakifagia chumba cha Aden kila asubuhi. Chakula chake anakipakua na kukifunika.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya jiko. Bado.

Jumatano, 22 Aprili

Mwezi mmoja tangu afe.

Nimeandika barua kwa kampuni ya ndege, kurasa mbili, kwa Kiingereza changu cha ualimu. Kabla ya kuolewa nilifundisha shule ya msingi Burnt Forest, na Eliakim mpaka leo ananiita Mwalimu. Yeye ndiye angeipiga chapa. Alikuja jioni akasimama kwenye veranda, mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Mwalimu, hapa umeandika 'uzembe'. Tulitoe hilo neno."

"Kwa nini? Ni uzembe."

"Ni uzembe, sikatai. Lakini siku hizi ukiandika uzembe, unaulizwa uzembe wa nani. Halafu unaulizwa wewe ni nani. Na mashine ni ya posta."

"Basi nitaandikia gazeti."

Nilimsikia akikung'uta matope kwenye viatu.

"Gazetini hapana, Mwalimu. Tafadhali. Mimi ni mtu wa serikali na niko na watoto sita."

Barua ikatoka ukurasa mmoja, imejaa "kwa heshima" na "tungeshukuru". Nimemwona mwoga. Nimejiona na mimi mwoga, kwa sababu nimetia sahihi.

Alhamisi, 30 Aprili

Ramadhani imeingia. Mvua haikati. Abdullahi anasema magari yanakwama njia ya Nairobi, baada ya Cheptiret.

Nimeamua kuandika maneno ya kaseti kabla hayajanitoka. Nilikuwepo chumbani, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikimshikia kinasa sauti. Alisema hivi:

"Mama, ni mimi. Leo ni Jumatano. Hapa kuna joto, na kunguru ni wengi kuliko watu. Nasra ananilisha uji kama mtoto. Kesho watanifungua kifua. Daktari ni mzee, mikono yake haitetemeki, nimemchunguza." Hapo akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi, tukazima, tukawasha tena. "Mama, ulinikataza kuja huku nami nikaja. Nisamehe. Nikirudi nitakuletea kitambaa kile. Nisiporudi, usimlaumu Nasra. Mimi ndiye niliyetaka."

Ni mimi niliyetaka. Hilo mama yake analijua. Mimi ndiye niliyemwambia Aden kwamba hospitali za hapa zitamwacha afe kitini akingoja zamu, na nikamlilia mpaka akakubali. Mama Fatuma alisema tusiende. Alisema moyo wa mtu haufunguliwi.

Jumanne, 5 Mei

Bado.

Jumanne, 12 Mei

Limekuja. Naandika neno hilo nilione, halafu niseme ukweli: si lenyewe.

Jana walipiga simu posta kwamba sanduku limepatikana na linakuja Eldoret kwa basi. Eliakim alikimbia kutoka kazini mpaka kwetu bila mwavuli, mtu wa umri wake, kuja kutuambia. Leo kabla ya adhuhuri Abdullahi akaliingiza, limeshonewa ndani ya gunia, na muhuri wa kampuni juu yake. Aliliweka katikati ya sebule. Mama Fatuma aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Shemeji, nikate?" Abdullahi akauliza.

"Kata."

Alipokata uzi wa tatu nilijua. Ngozi ni ya kahawia, ukubwa ule ule, lakini hakuna kamba, na vitasa vyote viwili ni vizima. Nilitaka kumwambia aache. Akafungua tuone kama kuna jina. Ndani kulikuwa na nguo za mtoto mchanga. Blanketi jeupe, kofia ndogo ndogo, soksi za kufumwa zimefungwa mbili mbili kwa utepe. Harufu ya sabuni ya nchi nyingine.

Kutoka chumbani Mama Fatuma akaita, "Ni lake?"

Akatoka. Aliangalia ndani ya sanduku, halafu akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Februari. "Alhamdulillahi," akasema. "Si lake."

Nilimchukia. Naandika hivyo ndani ya Ramadhani, Mungu anisamehe. Nilitamani kumshika mabega na kumpigia kelele kwamba mwanawe yuko chini ya udongo mwekundu wa Bombay, kando ya ukuta wa makaburi, safu ya pili. Badala yake nilianza kukunja yale mablanketi ya watu, nikayakunja vizuri, kama nitalipwa kwa kuyakunja.

Mama Fatuma alichuchumaa. Aliokota soksi moja iliyoanguka, akaiweka kwenye kidole gumba chake. Ilienea kidole tu.

"Lirudishwe leo," akamwambia Abdullahi. "Kuna mwanamke mahali anazingoja hizi."

Basi la alasiri limeondoka nalo.

Jumatano, 13 Mei

Leo nilijaribu. Alikuwa akichambua maharagwe, nikakaa karibu naye.

"Mama, maneno ya Aden ninayajua. Nilikuwa naye alipoyasema. Nikwambie?"

Hakuinua macho. "Hiyo itakuwa sauti yako. Mimi nataka ya kwake."

"Sauti yake imepotea, Mama."

"Haijapotea. Imechelewa."

Akavuta shali akafunika masikio, akaendelea na maharagwe.

Jumatano, 20 Mei

Mahindi ya jirani yamefika magotini. Simu: bado wanatafuta.

Ijumaa, 29 Mei

Idd. Mama Fatuma alipiga pasi kanzu ya Aden na kuitundika mlangoni.

Jumatano, 10 Juni

Nimemkosea Abdullahi.

Amerudi kutoka Nairobi leo asubuhi, amepeleka ngano. Akakaa, akanyoosha miguu, akaomba chai. Nikamuuliza, "Sanduku?" Akasema, "Hakuna kitu, shemeji," akachovya mkate. Hivyo hivyo, kama mtu anayeulizwa bei ya sukari. Nikamwambia, "Ndugu yako amepotea mara mbili, na wewe kazi yako ni chai." Aliweka kikombe chini kimejaa nusu, akatoka kwenye mvua.

Saa ya chakula Eliakim akaja kwenye veranda.

"Mwalimu, unamwonea yule kijana."

Akanieleza. Tangu Aprili, kila safari ya Nairobi, Abdullahi anashusha mzigo halafu anakwenda stoo ya kampuni ya ndege kule uwanjani. Wanamsimamisha mlangoni tangu asubuhi. Mara ya pili askari alimuuliza kitambulisho, akakitoa; akamuuliza kadi ya chama, akaitoa; akamtazama sura, akamuuliza kama yeye kweli ni Mkenya, hilo hakuwa na la kutoa. Alifukuzwa. Safari iliyofuata akarudi tena. Mara saba sasa.

"Mbona hasemi?"

"Atasema nini? Amekwenda, hakuna. Anakuja nyumbani, wewe unamtazama mikono, mama yake anamtazama mikono."

Nikamuuliza Eliakim na simu za posta nani anapiga siku hizi. Akasema yeye, kila Jumatatu, saa yake ya chakula cha mchana. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyekamatwa na kosa. Huyu ndiye niliyemwita mwoga.

Abdullahi alirudi alasiri amelowa. Nilimwekea chai mpya na mkate wenye siagi. Nilitaka kuomba msamaha. Akasema, "Mkate ni mzuri, shemeji," tukaachia hapo.

Alhamisi, 25 Juni

Baridi. Nimesoma tena maneno niliyoyaandika tarehe 30 Aprili. Kunguru, alisema. Daktari mzee, alisema. Nakumbuka mpaka kikohozi. "Nisamehe," alisema. Lakini "usimlaumu Nasra"? Nimefumba macho leo mara nyingi nikijaribu kusikia. Naona midomo yake. Naona taa nyekundu ya kinasa sauti. Neno lenyewe silisikii kwa sauti yake, nalisikia kwa yangu.

Huenda alilisema. Huenda nililihitaji mpaka nikaliandika. Katika dunia nzima kitu kimoja tu kinaweza kunijibu, nacho kimelazwa kati ya shati mbili, sijui wapi.

Ijumaa, 3 Julai

Redioni ni Michezo ya Afrika tu, watu wa Nairobi wanajiandaa kupokea wageni. Bado.

Jumatano, 8 Julai

Barua imefika. Nimeisoma peke yangu kwanza, halafu nikamsomea Mama Fatuma na Abdullahi, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Wanasikitika. Wametafuta katika vituo vinne. Uchunguzi umefungwa. Watatulipa fidia kwa uzito, na kwa kuwa sanduku lilipimwa kilo kumi na tisa, tujaze fomu hii.

Ningeweza kusoma kingine. Yeye hajui Kiingereza, na Abdullahi anakijua cha barabarani tu. Nilifika kwenye neno "umefungwa" nikaona naweza kusema "unaendelea", na Mama Fatuma angeendelea kufagia chumba na kufunika sahani mpaka afe. Nikasema "umefungwa".

"Kilo kumi na tisa," Mama Fatuma akarudia. "Alipozaliwa hapakuwa na mizani. Sikujua uzito wake." Baadaye akauliza, "Hao walioandika, umewaona kwa macho?"

"Sijawaona, Mama."

"Basi mimi nitakwenda."

Ijumaa, 10 Julai

Tumejaribu kumzuia. Magoti yake, baridi, barabara. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza lori linaondoka lini.

Jumanne, 14 Julai

Wameondoka alfajiri. Nyumba hii sijawahi kuwa ndani yake peke yangu. Nilipakua chakula cha mchana nikajikuta nimetoa sahani ya Aden. Sikujua niifanyie nini. Nikaifunika.

Alhamisi, 16 Julai

Wamerudi leo saa tisa. Naandika aliyonieleza Abdullahi kwanza.

Jana walifika ofisini saa tatu asubuhi. Waliambiwa faili imefungwa. Mama Fatuma akakaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti. Walimwambia aende, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nangoja mzigo." Mchana ukapita. Wakamletea soda, hakuigusa. Saa kumi karani mmoja, mwanamke kijana, jina lake Tryphosa, akachukua funguo, akasema, "Njoo uone mwenyewe, Mama, ukiliona chukua."

Stoo ni kubwa kama ghala la mahindi. Rafu mpaka juu. Masanduku, mabegi, vifurushi vilivyoshonwa, kigari cha mtoto, magongo ya kutembelea, gitaa. Kila kimoja na karatasi yake. Mama Fatuma alipita rafu zote, akigusa kila kitu cha rangi ya kahawia. Ilichukua karibu saa nzima, na yule dada alitembea naye bila kumharakisha. La Aden halikuwepo.

Mwisho akauliza, "Wenye hizi wako wapi?"

"Wengine walikuja mpaka wakachoka, Mama. Wengine hatujui."

"Hamjui kama wamekufa au wako hai?"

"Hatujui."

Abdullahi anasema Mama Fatuma alisimama pale, mkono juu ya sanduku la mtu, akitazama zile rafu. Halafu akamshukuru yule dada, akamgeukia yeye. "Sisi tunajua," akasema. "Twende nyumbani."

Njia nzima ilikuwa mvua.

Hapa nyumbani hakuvua hata shali iliyolowa. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, akakaa chini kwenye mkeka, akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu nirudi.

"Nani alimwosha?"

"Mimi, Mama."

"Wewe?"

"Walikuja wanaume wa msikiti wa karibu. Nikamwuliza imamu, akasema mke ana haki. Mzee mmoja alinimiminia maji. Nikamwosha mimi."

"Maji yalikuwa ya moto au baridi?"

"Vuguvugu. Nilijaribu kwa kiwiko."

"Kichwa?"

"Kichwa mara tatu. Nywele walikuwa wamemnyoa upande kidogo. Na kifuani palikuwa na uzi, nikaosha taratibu, kama bado panauma."

Alifumba macho. Aliuliza kuhusu sanda, ilikuwa ya kitambaa gani. Aliuliza nani aliingia kaburini, kama walimlaza kwa ubavu wa kulia, kama mvua ilinyesha. Nilijibu kila kitu. Miezi minne nilikuwa na majibu hayo, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Mwisho akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja na vidole, muda mrefu, kana kwamba kuna kitu kimebaki hapo. Kuhusu kaseti hakuuliza. Nami sikumwambia. Sina hakika ya kumwambia.

Ijumaa, 17 Julai

Hakufagia chumba cha Aden. Alilala mpaka saa nne. Eliakim aliuliza kwenye veranda kama apige simu Jumatatu. Nikamwambia asipige, na asante. Alibaki amesimama kidogo, kofia mkononi.

Jumanne, 28 Julai

Eda imekwisha leo. Nimeoga, nimevua nguo nyeupe za eda.

Baba yangu, Mzee Nur, amekuja kutoka Burnt Forest kunichukua. Sina mtoto katika nyumba hii, na shule yangu ya zamani ina nafasi. Alikaa sebuleni akizungusha maneno, hajui mama mkwe wangu atamjibu nini. Habari za sahani iliyofunikwa zilimfikia huko. Mama Fatuma hakumwacha amalize.

"Mzee Nur, mwanangu Aden alikufa Bombay, tarehe ishirini na mbili mwezi wa tatu. Binti yako alimwosha kwa mikono yake. Akitaka kwenda, aende na heshima yake. Akitaka kukaa, chumba ni chake. Lakini nipe siku tatu naye. Watu hawajanipa pole bado."

Baba alinitazama. Nikamwambia arudi Ijumaa.

Jumatano, 29 Julai

Wamekuja wanawake kumi na saba, wale wale wa Aprili na wengine. Seline, mke wa Eliakim, alivua viatu mlangoni, akaingia na kitambaa kichwani na birika la chai lililofunikwa taulo. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza kumfikia Mama Fatuma, ndiye aliyesema, "Pole, Mama. Pole kwa mtoto wako."

Mama Fatuma alinishika mkono chini ya shali.

"Asante," akasema. "Tumepoa."

Kisha akalia kwa sauti, kilio cha miezi minne kwa mara moja. Nami nikalia naye. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati hata hatukusikiana, na Seline akaendelea kumimina chai, kikombe baada ya kikombe, mpaka kila mtu akapata.